Mwendo wa Mwanamke Mwenye Hasira

Kwetu, kwenye mteremko wa Mlima Hanang, juu kidogo ya Katesh, baba alikuwa na kipimo chake cha umbali, na hakikuwa kilometa. Alipima kwa mwanamke mwenye hasira. Mwanamke huyo ameolewa. Amegombana na mumewe asubuhi, amefunga mtoto mgongoni, ametoka bila hata kunywa uji. Je, atafika kwa baba yake kabla ng'ombe hawajarudi zizini? Akifika, basi huko si mbali, binti aolewe. Asipofika, huko ni mbali, na wageni wamalizie chai yao waende salama.

Kwa kipimo hicho aliwaoza dada zangu watatu. Wa kwanza aliolewa Jorodom, karibu kabisa, kiasi kwamba mama akipika uji ungeweza kumfikia una moto. Wa pili akaolewa Endasak. Wa tatu alikwenda Masakta, na hapo baba alisita. Alikwenda mwenyewe kwa miguu, akarudi, akasema inawezekana ila mtoto wa mgongoni asiwe mzito.

Cha kuchekesha ni kwamba katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wao aliyerudi na hasira. Wote walikuwa wapole, wamechukua kwa mama. Mwenye hasira nilikuwa mimi, kitinda mimba. Nikikasirika jirani wa tatu anajua, na mbwa wake naye anajua. Mama aliniimbia "hasira hasara" tangu nina meno ya utoto, wapi. Siku moja nilimsikia baba akimwambia mama, "Hawa wengine nilipima tu kwa kufuata desturi yangu. Huyu ndiye atakayeuchosha mlango wetu." Alisema hivyo huku anacheka, lakini nilijua ndani kwa ndani anahesabu.

Na mimi huyo ndiye niliyekwenda kumpenda mtu wa Mwanza.

Ilikuwa ile miaka mkoa wetu umekatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara, na watu wazima wakiulizwa wanatoka wapi bado walijibu Arusha. Kila kitu kilikuwa kinafunguka. Mabasi ya watu binafsi yaligombea abiria pale stendi ya Katesh mpaka mtu anavutwa mkono huku na mfuko kule. Maduka yaliuza simu mahali ambapo simu zenyewe hazikushika. Kisha wakaja vijana wa kusimika mnara. Mimi nilikuwa napika kwenye mgahawa wa mama mmoja karibu na stendi, na vijana hao walikuwa wanakula kwetu. Mmoja akalalamika kwamba ugali ni mdogo. Nikauchukua ugali na sahani yake, nikaurudisha jikoni, nikamwambia sasa hakuna kabisa. Wenzake walicheka mpaka wakashika meza. Yeye hakucheka. Aliniangalia tu, na kesho yake akarudi akaomba ugali mdogo.

Mnara ulisimama, wenzake wakaondoka. Yeye akawa anarudi rudi, eti kuangalia nyaya. Mama mwenye mgahawa alikuwa ananiambia, "Nyaya zako zimekuja," na mimi nilikuwa natamani kumrushia mwiko. Ndivyo tulivyofika mahali pa kusema kwa wazazi.

Walikuja kuposa siku ya Jumamosi: yeye, mjomba wake mmoja, na mshenga, mzee wa Singida mwenye koti zuri na maneno mengi. Baba wa kijana alikuwa ameshafariki. Waliketi sebuleni, mimi nikiwa jikoni na mama, sikio liko mlangoni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba alipouliza hao watu kwao ni wapi.

"Mwanza, mzee," mshenga akasema.

Nikajua baba anamwona mwanamke wake njiani, na jua linazama.

"Mzee," mshenga akaendelea, maana alikuwa amejiandaa, "siku hizi dunia imekuwa ndogo. Kuna ndege. Kutoka Mwanza mpaka huku Kilimanjaro ni mwendo wa saa moja tu na kidogo. Binti anakunywa chai kwake, chakula cha mchana anakula kwa mama yake."

"Ndege hiyo inatua wapi?"

"KIA, mzee. Ule uwanja ulio kati ya Arusha na Moshi."

"Mwanza ni upande wa jua linakozama," baba akasema taratibu.

"Ndiyo, mzee."

"Na huko KIA ni upande linakochomoza."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo binti yangu akitaka kuja kwangu, kwanza ananipita, halafu ndiyo anarudi kunitafuta."

Mshenga akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha. Baba akasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini hakuwaambia wamalizie chai. Alikaa akiikuna shingo, akasema, "Saa moja ni karibu. Kama ni kweli, ni karibu kuliko Masakta. Nitakwenda mwenyewe. Nitakwenda kwa basi nikawaone watu wenu, nitarudi kwa ndege. Na nikirudi nitarudi kama mwanamke mwenye hasira."

Mshenga alituangalia mmoja mmoja, hata sisi tuliochungulia kutoka jikoni, asijue kama acheke. Sisi hatukucheka. Sisi tulimwelewa. Mjomba wa kijana akasema nauli ya kwenda na kurudi iko juu yao, na hivyo ndivyo baba yangu, mzee wa kanisa ambaye safari yake ndefu ilikuwa mkutano wa sharika Mbulu, alivyopanda basi la Singida na mshenga pembeni yake. Mama alimfungia mahindi ya kuchemsha na kuku mzima. Mimi nilimshikia mfuko mpaka stendi. Hakuniambia neno la kunipa moyo wala la kunivunja, aliniambia tu nisisahau kumtoa ndama kamba.

Siku zile za kumngojea sitaki kuzikumbuka sana. Nilipika vibaya. Nilikorofishana na mteja juu ya chumvi. Nikiangalia juu nikaona ndege, hata kunguru, moyo unaruka. Nilikuwa naomba Mungu jambo moja tu, kwamba hiyo saa moja iwe saa moja.

Alirudi akiwa na matope mpaka magotini. Mama alimpa maji ya kuoga, akampa ugali na maziwa ya mgando, naye akala kama mtu aliyetoka vitani. Kaka yangu mkubwa, anayekaa jirani, alikuja kusikiliza. Mimi niliketi karibu na mlango. Baba alipomaliza alijifuta mdomo, akaanza.

Alisema watu ni wazuri. Mama wa kijana ni mjane mwenye heshima, anauza dagaa, nyumba yake safi, majirani wanamsalimia kwa moyo. Mimi nikaanza kutabasamu. Alisema pia walimpa samaki asubuhi, mchana na jioni, naye samaki hajawahi kuwa rafiki yake, lakini alikula kwa ajili yangu. Kisha siku ya tatu akaamka, akakaa kitandani, akajikasirisha.

"Ulijikasirisha vipi?" kaka akauliza.

"Nilimfikiria yule aliyehamisha mpaka wa shamba letu," baba akasema. "Nikakasirika vizuri tu. Nikatoka nje bila kunywa chai, nikasema nataka kwenda kwetu, sasa hivi. Wakashtuka. Kijana akakimbia mjini kwenye ofisi ya ndege. Akarudi akasema ya leo imejaa, na kesho haipo, ipo keshokutwa. Basi hasira yangu ikakaa pale siku mbili inalishwa sato."

Mama akaficha mdomo kwa kanga. Baba akaendelea, na uso wake ukabadilika, maana sasa alifika kwenye ndege yenyewe, na ilikuwa wazi ameipenda. Alisema ilikimbia kama ndama aliyefunguliwa halafu ghafla ardhi ikaachia. Ziwa likawa dogo. Alikaa dirishani, upande wa kulia, na yule binti mhudumu alimfunga mkanda kwa adabu akamwamkia shikamoo. Alipewa soda na karanga. Karanga hakuzila, alitoa pakiti mfukoni akampa mama. Walikuwa angani muda mfupi tu, mawingu yakiwa chini, akaona kule mbali kichwa cha mlima kimetokeza peke yake.

"Nikauangalia. Nikasema, huu si Hanang wetu huu? Kila siku nauona kutoka chini, lakini mgongo wake naujua. Nikamwita yule binti. Nikamwambia, mwanangu, kwangu ni pale, hamwezi kunishusha?"

Kaka alicheka mpaka machozi. Baba naye alicheka, lakini kidogo.

"Akaniambia, baba, hapa hakuna kituo. Basi nikakaa naangalia kwangu kunapita. Ng'ombe wangu wako pale chini. Mama yenu yuko pale anachambua maharage. Na mimi napelekwa Kilimanjaro."

Ndege ilitua vizuri, saa moja na kidogo kama mshenga alivyosema, hakudanganya. Lakini mpaka baba atoke uwanjani, afike Arusha, mabasi ya kuja Babati yalikuwa yameshaondoka. Akalala Arusha kwa mtu wa kanisa. Kesho yake akapata basi mpaka Babati, akalisubiri jingine, na hilo jingine likakwama kwenye matope kabla ya Endasak, abiria wakashuka kusukuma. Alifika nyumbani jioni ng'ombe wameshakamuliwa.

"Sasa," baba akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Ndege haina kosa. Ndege ni saa moja. Lakini kutoka kwenye hasira mpaka kwenye ndege ni mbali, na kutoka kwenye ndege mpaka kwa mama yako ni mbali. Huyo mwanamke wangu hajafika. Nimembeba njia nzima na hajafika. Mwanangu, watu ni wazuri, kijana sina neno naye. Lakini ni mbali."

Mimi nilisimama. Mtoto wa kike kwetu hasimami mbele ya baba yake hivyo, lakini nilisimama. "Baba," nikasema, na sauti ilikuwa imeshavuka ua, "nani amekuambia mimi nitakasirika?"

Kaka akaanza kukohoa ndani ya kikombe. Mama akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikaona wananicheka, nikaingia ndani nikalala na nguo zangu.

Asubuhi niliondoka. Sikunywa uji. Sikumuaga mtu. Njia nzima nilikuwa nagombana na baba kichwani, namshinda kila mara. Mtu mwenye hasira kwa kawaida anakimbilia kwa baba yake, lakini hasira yangu ilikuwa kwa baba, kwa hiyo nikaelekea kwa dada, Masakta. Hakukuwa na gari, haikuwa siku ya mnada. Nilitembea kati ya mashamba ya mahindi na alizeti mpaka viatu vikanichubua, nikavishika mkononi.

Dada aliniona natokea mbali, akasimama na ungo wake. Akanipokea viatu, akaniangalia juu mpaka chini. "Umegombana na mume gani wewe, hata hujaolewa?" Nilitaka kumjibu vibaya, badala yake nikalia. Akaniwekea maji ya moto na chumvi niloweke miguu, akanipikia makande, akanisikiliza bila kunikatiza. Dada yangu huyo ana moyo, Mungu ambariki. Ila hata yeye aliniambia, "Baba hawezi kubadilisha kipimo kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyetengenezewa kipimo hicho."

Jioni shemeji alirudisha ng'ombe, akawafungia. Tulikuwa tumekaa nje, dada anapepeta, giza linaingia, tukaona mtu anakuja na njia, anatembea kwa upande mmoja kama anayesaidia goti. Dada ndiye aliyemtambua. Alikuwa baba. Mzee yule, ametoka kusukuma basi jana tu, alikuwa ametembea kutoka nyumbani mpaka Masakta.

Tulimwamkia. Akaitikia, akakaa kwenye kigoda, akaomba maji. Nikauliza mimi, maana hasira ilikuwa bado ina ncha kidogo. "Umekuja kunirudisha?"

"Hapana. Nimekuja kwa sababu umeondoka na hasira."

Akanywa maji yote. Kisha akasema, akiangalia kikombe, si mimi, "Niliondoka mama yako aliponiambia kitanda chako ni kitupu. Sikufikiria kitu, nilijua tu umekimbilia kwa dada yako huyu, nikashika njia. Nilipofika kule kwenye korongo goti likaniuma, nikakaa juu ya jiwe, nikajiuliza, na huyu mzee anakwenda wapi sasa? Ndipo nikaona nimekosea hesabu. Miaka yote napima wewe kuja kwangu. Kwa basi nimepima, kwa ndege nimepima, wewe unakuja tu. Mimi kuja kwako sikupima hata siku moja."

Dada aliacha kupepeta.

"Ukikasirika huko Mwanza," baba akasema, "usihangaike na ndege. Kaa hapohapo. Nitakuja mimi."

"Hata Mwanza, baba?"

"Hata Mwanza."

"Ni mbali."

"Ni mbali sana," akasema. "Nimekwenda, naijua."

Ndivyo nilivyoolewa. Nilibarikiwa kanisani kwetu, mvua ikanyesha, mshenga akaharibu koti lake. Nikahamia Mwanza, nikajifunza kula samaki, nikajifunza kuuza dagaa na mama mkwe wangu, ambaye naye ana hasira kama zangu na kwa sababu hiyo tulipendana. Mwaka wa kwanza na wa pili baba alikuwa anapiga kwa simu ya kaka, anauliza habari za afya, habari za kazi, kisha anauliza, kama mtu asiyetaka kitu, "Na moyo?" Ninamwambia umetulia. Anasema haya.

Mwaka wa tatu tuligombana, mimi na mume wangu, kweli kweli. Alikuwa amemwahidi mdogo wake chumba chetu cha pili bila kuniambia, na mimi nilikuwa nimeshakipanga kwa ajili ya mtoto tuliyekuwa tunamtarajia. Maneno yakatoka ambayo hayakutakiwa kutoka. Asubuhi alipokwenda kazini nilipiga simu ya kaka, nikaomba kuongea na baba. Nilitaka kumweleza yote kwa mpangilio. Nikasema, "Shikamoo baba," na sauti ikakataa kuendelea.

"Marahaba," akasema. "Kaa hapo." Simu ikakatwa.

Kesho yake jioni mume wangu aliingia jikoni, akageuza ndoo akaikalia, akasema amekosea. Nikasema hata mimi nimekosea. Tulizungumza pale mpaka mkaa ukaisha, na tukapatana. Kwa furaha ya kupatana, nakiri, baba alinitoka kichwani kabisa.

Siku iliyofuata mchana tulikuwa tunapika pamoja, mume wangu amenisimulia jambo la kazini na mimi nacheka na mwiko mkononi, mlango ukabishwa. Mume wangu alifungua. Nikamsikia anasema "Shikamoo baba" kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

Baba alikuwa amesimama pale na buti za shamba, koti la kulimia, udongo wa kwetu bado umekauka kwenye mikono ya koti. Hakuwa na begi. Hakuwa na mfuko wala karanga za njiani. Alikuwa ametoka vilevile alivyokuwa simu ilipomkuta.

"Marahaba," akamwambia mume wangu. "Yuko wapi mtoto wangu?"

Nikatokea. Akaniangalia usoni, kicheko kilikuwa bado hakijaisha vizuri. Akamwangalia mume wangu, akauangalia mwiko.

"Baba," nikasema, na nilitamani ardhi inimeze, "yameisha."

"Yameisha lini?"

"Jana jioni."

Akafikiri, akishika mwimo wa mlango. "Jana jioni nilikuwa Nzega," akasema. "Hata ndege isingewahi."

Tulimketisha kwenye kiti kizuri. Mume wangu alikimbilia soda. Mimi nilipiga magoti kumvua buti, na hazikutaka kutoka, miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa kwenye basi, soksi zimeshikana na ngozi. Nikazivuta polepole nisimuumize. Nikaishika ile miguu mikononi mwangu nikaanza kulia, siyo kidogo, kwa sauti, kama siku ile ya Masakta.

Baba akaniwekea mkono kichwani. "Sasa unalia nini tena," akasema, "si mmepatana?"